Walioikimbia Pikipiki Yangu

Ndugu zangu wa kwaya,

Niliporudi kutoka ziwani mlinizingira mlangoni mwa kanisa mkitaka habari, nami nikajibu kwamba safari ilikuwa salama. Lilikuwa jibu la mtu anayetaka kwenda kulala. Tangu siku ile hamjaacha kuuliza, na sasa nasikia Papa Deo wa sauti ya nne anaisimulia safari yangu kwa namna ambayo haikutokea kabisa, eti nilipigana na watu. Mimi! Mnanijua. Upepo ukibamiza mlango wa darasa, wanafunzi wangu wanageuka kutazama mlango, na mwalimu wao yuko chini ya meza. Basi nimekaa niandike jinsi mambo yalivyokuwa, kituo kwa kituo. Habari za vibali na karatasi naziruka, hazina ladha.

Bunia: chini ya turubai la Faustin

Dada yangu mdogo, Devota, ameolewa Mbiju, kijiji kidogo cha mlimani kupita Tchomia, juu ya ziwa. Anakaa huko na mama mkwe wake, Mama Unega, maana mume wake ni mvuvi na sehemu kubwa ya mwaka yuko upande wa pili wa maji. Mtoto wake wa kwanza, ambaye sasa anakaa kwangu Bunia, alitolewa kwa kupasuliwa. Daktari alimwonya kwamba wa pili asithubutu kumzalia nyumbani, kwa kuwa kovu linaweza kufunguka na mama akaishiwa damu kabla hajapatikana mtu wa kumbeba. Sasa mwezi wake ulikuwa umefika. Wamotari, wale wa teksi za pikipiki, hawakutaka tena kupita Tchomia, kwani watu walikuwa wameuawa njia ile, na siwalaumu. Nikabaki mimi, kaka mtu, na pikipiki ya marehemu baba.

Pikipiki hiyo mnaijua kwa kelele zake. Cheche yake ilitoka kwenye vyuma viwili vidogo ambavyo mafundi wetu wanaviita platini: vinagusana, vinaachana, na kila vinapoachana cheche inaruka kwenye buji, yaani plagi, na mafuta yanawaka. Vyuma vile vilikuwa vimelika. Umande kidogo ukiingia, pikipiki inakufa katikati ya njia, unashuka, unafungua kifuniko, unavisugua kwa ubavu wa kiberiti, unasali, unapiga teke. Hilo nilikuwa nimelizoea. Lililonishinda ni kwamba cheche ikichelewa, mafuta yasiyowaka yanaingia kwenye bomba la moshi na kulipukia humo. Pa!

Mji mwingine watu wangecheka. Kwetu hapa, pa ina maana moja tu. Safari iliyotangulia ilipasuka mbele ya barieri, kizuizi cha jeshi barabarani, askari wakalala chini wote kwa pamoja, na mdomo wa bunduki ukanitazama usoni. Nakumbuka jinsi kile kitundu kilivyokuwa kidogo. Niliapa sitapita tena barabara ile na platini.

Hivyo nikaenda kwa fundi Faustin, yule mwenye turubai la bluu karibu na soko, nikiwa nimekumbatia mfuko wangu wenye kifaa kipya cha kuwashia, cha elektroniki. Namna kilivyonifikia naiacha. Faustin alifungua injini akatoa platini na kuitupa kwenye bati la vyuma vibovu kama mtu anayetema mbegu. Mahali pake akafunga kibamba chenye kihisi, na kwenye ekseli akachomeka kipande cha sumaku kisichozidi kifungo cha koti. Nyaya akazipeleka chini ya kiti, kwenye kisanduku cheusi kilichozibwa kwa gundi ngumu, kilichokaa kando ya betri. Kisha akazungusha injini polepole kwa spana, akitafuta alama moja ilingane na nyingine, huku anaongea bila kupumua.

"Hii haina kugusana, Mwalimu. Sumaku iko napita tu, kisanduku inajua. Hakuna kitu ya kulika."

"Na ikiharibika mu njia?"

"Haiharibikaka."

"Faustin, nimekuuliza: na ikiharibika?"

"Bo, basi unaiacha pale, unakimbia." Akacheka mpaka akakaa chini. "Chunga tu batri. Batri ikikufa, na yenyewe inakufa, haiombaka ruhusa."

Platini ilikuwa mbaya, lakini ubaya wake niliujua na dawa yake ilikuwa mfukoni mwangu. Kisanduku hiki hata mwenyewe Faustin hakuweza kukifungua. Alipiga teke mara moja tu, pikipiki ikawaka, ikatulia, ikanguruma sawasawa kama ya kijana aliyeinunua jana. Faustin alisimama mikono kiunoni kwa fahari.

"Sikia ile sauti! Sasa ata mama mwenye alikuzaa hatajua ni weye uko nakuja."

Nikacheka naye. Nilitoka pale nikijiona mtu mwenye akili.

Bunia mpaka kwenye barieri

Niliondoka asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia majani ya barabarani. Pembeni mwa mji kuna mama anayeuza mandazi, na desturi yake ni kunipigia kelele kutoka mbali, "Mwalimu, pole na ile mugonjwa wako!" na kunifungia mandazi kabla sijasimama. Siku hiyo hakuinua hata kichwa. Nilisimama mbele yake, nikavua kofia, ndipo akashtuka.

"Kumbe ni weye! Nilizania ni wale watu ya ONG."

Nilifurahi kufananishwa na watu wa mashirika. Nikala mandazi mawili, la tatu nikaliweka kwa Devota, nikaendelea.

Kuanzia hapo ilinijia hofu ambayo sikuitegemea. Zamani pikipiki ilinipigia kelele njia nzima, nami nilikuwa na kazi ya kuisikiliza, kuibembeleza, kuitukana. Sasa ilikwenda kimya kimya, na mimi nikawa na nafasi ya kusikia moyo wangu. Kila kilima nilikipanda nikingoja kisanduku kifie mle chini ya matako yangu. Nilikuwa naendesha huku nimekaza makalio, na mtu hawezi kwenda mbali hivyo.

Barieri niliikuta kabla ya mteremko wa kwenda ziwani: kamba, magunia ya mchanga, na askari wachache wakinywa chai. Kijana mmoja aliniambia niinue kiti. Nikainua. Akaona kisanduku cheusi, nyaya nyekundu na nyeusi zikiingia na kutoka, na betri kando yake. Alirudi nyuma hatua kwa hatua bila kuniondolea macho.

"Muzee, hii ni nini?"

"Ni kitu ya kuwasha, ndugu."

"Ya kuwasha nini?"

Nilipofungua mdomo kueleza, wote walikuwa wameshaingia nyuma ya magunia, hata aliyekuwa na kikombe. Mkubwa wao alinong'ona kwa sauti ambayo Bunia nzima ingeisikia: "Iwashe weye peke yako. Siye tunaangalilia hapa."

Ndugu zangu, hofu inaambukiza. Nilipiga magoti kando ya kile kisanduku nilichokifunga kwa hiari yangu, na nikaanza kuamini kwamba ni bomu. Ni nani aliyenihakikishia ndani yake kuna nini? Faustin? Faustin hajawahi kukifungua! Kwa nini kimezibwa kwa gundi? Nilisimama, nikaweka mguu juu ya pedali, nikafumba macho, nikapiga teke.

Ikawaka, ikanguruma kwa upole. Nyuma ya magunia mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, na mkubwa wao akaja kunipa kipande cha muhogo wa kuchoma. Niliupokea kwa mikono miwili.

Mteremko

Mnaopita njia ile mnajua jinsi ziwa linavyotokea ghafla pale chini, jeupe, na joto linavyopanda kukupokea. Kwa kawaida mnakutana na watu wengi wenye samaki wanaopanda kwenda Bunia. Siku hiyo sikukutana na mtu ila mmoja.

Alikuwa mwanamume mwenye baiskeli, anaisukuma kwenye kona iliyo mbele yangu, amefunga magunia ya mkaa. Aliposikia injini aligeuza shingo kidogo, hakungoja hata kuniona. Aliiangusha baiskeli na mkaa wake wote, akaruka kwenye majani, akapotea. Gurudumu lilibaki likizunguka peke yake.

Mtu mwenye akili angesimama na kujiuliza ameogopa nini. Mimi nilitazama nyuma, nikaona barabara tupu, nikaogopa zaidi. Nikaongeza mafuta na kukimbia kile alichokikimbia yule bwana, na nilikikimbia mpaka Kasenyi, kule chini kando ya ziwa, nikifikiri kiko mgongoni mwangu.

Tchomia

Nilifikia kwa Mama Rebeka, mjane anayekausha samaki kwa moshi, rafiki wa familia yetu tangu baba alipokuwa hai. Aliniandalia kapiteni, samaki aliyetoka ziwani siku ileile, na fufu, ugali wa muhogo, chakula ambacho siku nyingine ningekigombania. Nilimega tonge, nikalirudisha sahanini. Mama Rebeka alinitazama akaniwekea maji karibu.

Nilimsimulia juu ya mtu wa baiskeli. Hakushangaa.

"Watu wote wako vile sasa. Na kule juu kwenye unaenda ni zaidi. Kule watu hawako naona tena na macho, wako naona na masikio. Wakisikia pikipiki ya mutu hawajui, wanatoka mu nyumba vile wako. Hakuna kuuliza."

"Na ukiwaita?"

"Hawaitikaka. Wale watu wenye wako naua, na wao walikuya na pikipiki, walikuwa naita majina. Mama Shukuru wa kule juu aliitika, tukamuzika." Akageuza samaki mmoja kwenye waya. "Lakini weye pikipiki yako wanaijua, si ndiyo?"

"Wanaijua tangu ya baba."

"Basi, kula."

Haya yote aliniambia kwa mdomo wake, nami nikayasikia kwa masikio yangu, na wala sikuunganisha kitu. Nilikuwa nimejaa hofu ya kuuawa, na mtu aliyejaa hofu hiyo hafikirii kwamba yeye naye anaweza kuogopwa.

Tchomia mpaka Mbiju

Njia ya Mbiju si njia, ni mkwaruzo ubavuni mwa mlima. Ukifika kwenye mgongo wa kilima cha mwisho unaona mapaa ya nyasi, mashamba ya muhogo, na nyuma yake ziwa. Kila mara nilipofika hapo nilimwona Devota amesimama barabarani anapunga kitambaa, na nikiingia nyumbani nakuta chai iko mezani inafuka moshi. Miaka yote nimejisifu kwenu kwamba dada yangu ana moyo wa kujua nafika lini.

Siku hiyo barabarani hapakuwa na mtu.

Niliteremka nikisema labda analala. Nikazima pikipiki uani. Kuku walikuwa wanachakura. Jikoni sufuria ya maharagwe ilikuwa inatokota, mwiko umeegemezwa juu yake. Kando ya mlango kulikuwa na ndala moja ya bluu, ya mguu wa kushoto, na nyingine niliiona mbali kidogo, kwenye kijia cha kwenda shamba, imepinduka. Niliita, "Devota!" Kijiji kizima hakikujibu, wala mtoto hakulia, wala mbwa hakubweka.

Wamefika, nikasema moyoni. Wale watu wamefika kabla yangu.

Sitawadanganya kwamba nilimtafuta dada yangu. Miguu ilinipeleka nyuma ya jiko, nikaingia kwenye shamba la muhogo kwa tumbo, nikatambaa mpaka pale mashina yanaposongamana, nikalala uso chini. Sala niliyoikumbuka ni ile ya kabla ya kula. Niliisali mara nyingi.

Shamba la muhogo

Sijui nililala pale muda gani. Jua lilihama kutoka shingoni kwenda sikioni. Udongo ulikuwa wa moto, na siafu mmoja alikuwa anakagua kidole changu.

Kisha nikasikia pumzi.

Ilikuwa upande wa kulia, si mbali, ndani ya muhogo uleule. Pumzi nzito inayokatika, halafu kimya, halafu sauti ndogo iliyobanwa, kama ya mnyama aliyefungwa mdomo. Nikajua ni mmoja wao, ameumia, amebaki nyuma na silaha yake. Nilizuia pumzi yangu. Yule naye alizuia yake. Tulikaa hivyo, kila mmoja akimsikiliza mwenzake asipumue. Ile sauti ikarudi tena, kali zaidi, na kila iliporudi nilijikunja zaidi nikaomba imwue yeyote anayeitoa, ili mimi nipate kutoka. Hilo niliomba, nimeliandika.

Maharagwe yalianza kuungua. Harufu ilitufikia wote mle shambani.

Ndipo mashina yakatikisika. Mtu alikuwa anatambaa, anakuja kwangu moja kwa moja, polepole, hana haraka. Kwanza niliona panga, kisha mkono mwembamba uliolishika, kisha kitambaa cha kijivu kichwani. Panga likainuka. Nilijiviringisha chali.

"Mwalimu?"

"Mama?"

Alikuwa Mama Unega. Panga lilibaki juu, kama limesahau njia ya kushuka.

"Weye iko nafanya nini mu shamba yangu?"

"Ninajificha, mama. Wako wapi wale wenye walikuja?"

"Siye ndiyo tunakuuliza! Tulisikia pikipiki ya mutu hatujui, watu wote wakatoka. Mwenye ile pikipiki aliingia huku. Nilikuja kumukata." Macho yake yalizunguka kunipita, yakimtafuta. "Iko wapi?"

Nilijielekezea kidole kifuani.

Kisha akaliweka panga chini na kusema kwa sauti ya chini kabisa, "Devota iko hapa. Maji imetoka."

Alikuwa amelala kwenye tuta, hatua chache kutoka nilipokuwa. Alikimbia na tumbo lile, akaanguka, na uchungu ukamwanza hapohapo ardhini. Kitenge chake alikuwa amekisokota akakiuma, na meno yalikuwa yamekitoboa. Aliuma hivyo ili mwenye pikipiki asimsikie. Ndugu zangu, alikuwa ananificha mimi kilio chake, mimi kaka yake, na mimi nilikuwa nimelala kando nikiomba afe. Alipoona uso wangu alitoa kitambaa mdomoni.

"Yaya," alisema, maana ndivyo kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, "nilizania ni weye unakuja kutuua."

Nilipitisha mikono chini ya makwapa yake, tukamwinua.

Mbiju mpaka Tchomia, watu watatu

Tulimweka katikati, mimi mbele, Mama Unega nyuma amemzungushia mikono mpaka kiunoni kwangu na kutufunga wote kwa kitenge kilekile. Sasa Devota alilia kwa sauti, na kila alipolia nilimshukuru Mungu, maana ukimya wake ulinitisha kuliko kilio. Mama Unega aliniambia kuna damu kidogo. Hakusema kidogo kiasi gani.

Katikati ya njia mvua ilitukuta. Ile ya ziwani, isiyobisha hodi. Kijito cha chini kilikuwa kimejaa, maji yakafika kwenye injini, nami nilijua kwamba platini ya zamani ingefia pale pale, na Devota angefia pale pamoja nayo huku mimi natafuta kiberiti kikavu. Pikipiki ilikohoa? Haikukohoa. Ilipita majini, ikapanda ukingo, ikaendelea na sauti yake ileile tulivu. Nililia njiani, mvua ikanifichia. Kitu kilichomkimbiza dada yangu shambani ndicho kilikuwa kinamtoa, na sikujua nishukuru au nilaani.

Njia yote tulipita watu wachache, na wote walikimbia. Wawili walikuwa wanawake wenye vikapu. Niliwapigia kelele kwamba tuna mgonjwa. Walizidi kukimbia.

Hospitalini Tchomia walimpokea bila maswali wakamwingiza ndani. Mimi na Mama Unega tulikaa kwenye benchi, tumelowa. Mama Rebeka alileta uji. Hakuna aliyekunywa. Kovu lilikuwa limeanza kufunguka, daktari alitueleza baadaye, na alitueleza kwa kutuonyesha kwa vidole umbali uliobaki kabla halijapasuka lote. Nilitazama vile vidole viwili nikatamani asingenionyesha.

Ni msichana. Mkubwa, mwenye hasira. Devota yu hai.

Mbiju tena

Devota alipoanza kukaa kitandani, Mama Unega alisema anataka kurudi kutazama mbuzi wake, na nimpeleke mimi. Niliogopa kuliko safari ya kwanza. Chini ya mgongo wa kilima alinigonga begani nisimame.

"Zima. Ngoja hapa. Mimi naenda na miguu, nawaambia. Ukisikia ninapiga sufuria, kuya."

Nikangoja. Sufuria ikalia. Nilipotokea kilimani niliona watu wa Mbiju wamejipanga kando ya barabara, wazee, wanawake wenye watoto migongoni, na Mama Unega mbele yao kama kiongozi wa kwaya. Nilipokaribia, nusu yao walikuwa wameshaingia kwenye muhogo.

"Bado!" akanipigia kelele. "Rudia!"

Nikarudi kilimani, nikateremka tena. Safari hii aliwaambia wafumbe macho. Wachache walikimbia. Mzee mmoja miguu yake ilikuwa imegeukia shambani, na mke wake amemshika shati asiondoke. Mara ya tatu Mama Unega alipanda nyuma yangu, kwa sababu pikipiki yenye mzigo ina sauti yake. Kisha akataka wanisikie ninapopanda, si ninaposhuka tu. Kisha nizime na kuwasha. Walisikiliza kwa nyuso zilizokazana, midomo wazi kidogo, kama watoto wangu wa darasa la kwanza ninapowafundisha herufi.

Mwishowe niliteremka peke yangu kutoka mbali kabisa. Niliwaona wote wamesimama, macho yamefumbwa. Hakuna mguu uliosogea. Msichana mdogo alisema, "Ni Mwalimu," na kicheko kikapita mstari mzima. Wakanipa chai.

Nilipokuwa navaa kofia Mama Unega alinifuata mpaka kwenye pikipiki, akashika usukani.

"Ile kisanduku ulinunua wapi?"

Nikamwambia.

"Usiambie mutu."

"Juu ya nini, mama?"

"Pikipiki ya zamani sawa yako iko mingi. Wale watu na wao wako nazo. Wakitia kitu moja na yako, italia sawa ya kwako." Alitazama kilima, si mimi. "Na siye hatutakimbia. Nitasimama hapa mu barabara na ile mutoto mu mukono, nikingoja weye."

Nilimwambia Faustin naye asifunge kingine. Alinicheka, akasema hakuna pikipiki mbili zenye sauti moja, kila bomba lina koo lake. Labda ni kweli. Lakini wa kulijaribu neno hilo si yeye, ni wale watu wa kule mlimani wenye macho yaliyofumbwa.

Baadhi yenu mmesifu jinsi pikipiki yangu inavyowaka siku hizi, na mmeniomba jina la muuzaji. Mnisamehe, ndugu zangu. Sitawaambia.